Kunong'ona na Kunung'unika

Weka vidole viwili kooni mwako, useme kwa sauti: "Maji." Koo linatetemeka. Sasa sema neno lile lile kama unavyomwambia mwenzako siri sikioni. Koo limetulia kabisa. Ni pumzi tu inayopita, nao ulimi na midomo vinaichonga iwe neno. Huko ndiko kunong'ona. Tena fumba midomo, utoe sauti puani kama mtoto aliyenyimwa mboga: mmm! Koo linatetemeka upya. Huko ni kuguna, na nduguye ni kunung'unika.

Angalia jinsi maneno hayo yanavyoandikwa. Sauti ng' ni ile ya ng'ombe, siyo ile ya ngoma. Inatoka puani, na mtu anayenung'unika naye husema nusu kinywani, nusu puani. Anayesahau kile kialama cha juu ameharibu neno zima.

Lakini tofauti kubwa haiko kooni. Tuseme huku Buluo, katika mji wa Likasi, wanafunzi wamepakuliwa bukari na sombe, na bukari ni kidogo. Wa kwanza anamwinamia jirani yake: "Leo hatutashiba." Huyo ananong'ona. Wa pili anaguna tu, hana neno. Wa tatu anakula huku akisema peke yake, "Kila siku hivi hivi, kila siku hivi hivi," mpaka sahani imekwisha, na bado anaendelea. Huyo ananung'unika. Wa nne anaondoka mezani, anamwendea mwalimu na kusema: "Mwalimu, wadogo hawakushiba." Huyo analalamika. Bukari ni ile ile, njaa ni ile ile, ila maneno ni manne.

Mara nyingi yule wa nne ndiye anayeitwa mkaidi, kwa sababu ndiye aliyesikika. Hiyo si haki. Yeye peke yake amempelekea neno mtu awezaye kuongeza bukari.

Kiswahili chenyewe kinaionyesha tofauti hiyo. Kumnong'oneza mtu ni kumpa neno yeye, alisikie. Kumnung'unikia mtu ni kusema juu yake, kumpinga, wala si kumpa neno. Ndivyo Waisraeli walivyowanung'unikia Musa na Haruni jangwani walipokosa mkate. Njaa yao ilikuwa ya kweli. Kinywa ndicho kilichogeukia pembeni.

Lugha nyingine nazo zina maneno yao. Kwa Kifaransa, murmurer huweza kuwa kusema polepole tu, au kunung'unika. Msikilizaji atambue mwenyewe. Waingereza wamegawanya zaidi: whisper ni kunong'ona, grumble ni kunung'unika, na mutter ni kusema chini chini, mara nyingi kwa hasira. Tena wana mumble, yaani kusema bila kufungua kinywa vizuri. Neno hilo zamani lilikuwa pia na maana ya kutafuna kwa ufizi, kama mzee asiye na meno. Na Waswahili je? Husema mtu "anamung'unya maneno", na kumung'unya ni kula hivyo hivyo, bila kutafuna! Watu wawili walio mbali sana wameangalia kinywa kimoja.

Lakini mtu atalalamika kwa nani, kama hakuna aliyewekwa kumsikiliza? Jambo hilo lilitokea Likasi penyewe, wakati mji ulipoitwa Jadotville. Mwaka 1941, katika vita kuu ya pili, bei ya vitu ilipanda, na mshahara wa wafanyakazi Waafrika wa Union Minière haukutosha. Sheria ya wakoloni haikuwaruhusu kuwa na chama cha wafanyakazi. Basi wakanena chini chini, kazini na makambini. Na manung'uniko ya watu wengi hayabaki manung'uniko siku zote. Mwezi wa Desemba wafanyakazi waligoma, huku Likasi na kule Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba huko Elisabethville askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Wengi walikufa, na mmoja wao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Yeye hakunong'ona wala hakunung'unika.

Mwaka 1946 serikali ya wakoloni iliruhusu Waafrika wawe na vyama vya wafanyakazi, chini ya uangalizi wake.