Mchezaji wa Sataranji Naye Autunze Mwili Wake

Mtu apitaye karibu na wachezaji wawili wa sataranji huweza kudhani kwamba wamepumzika. Wamekaa kitako, hawasemi, na kitu pekee kisogeacho ni mkono unaohamisha kete. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kijana wa timu ya mpira huandaliwa chakula cha kutosha na kuhimizwa kulala mapema, ilhali ndugu yake achezaye sataranji huachwa ashinde na kikombe cha chai ya rangi. Mawazo hayo si sahihi, na historia ya mchezo wenyewe inashuhudia hivyo.

Mchezo mmoja katika mashindano makubwa huchukua saa nne au tano, na pengine zaidi. Mjini Dubai, mwaka 2021, mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen wa Norway na Ian Nepomniachtchi wa Urusi ulifika hatua 136, ukachukua karibu saa 8. Michezo mitano ya kwanza ilikuwa imekwisha kwa suluhu. Huo wa sita alishinda Carlsen, na tangu siku hiyo mpinzani wake hakuinuka tena. Alishindwa mara tatu nyingine, na Carlsen akautetea ubingwa wake kwa pointi 7 na nusu kwa 3 na nusu.

Katika mpira, timu iliyofungwa mapema yaweza kurudisha bao. Katika sataranji, kosa moja la saa ya tano hubomoa kazi yote ya saa nne zilizotangulia. Basi mwenye kuchoka kwanza ndiye aliye hatarini.

MABINGWA NA MIILI YAO

Mwaka 1935, Alexander Alekhine, bingwa wa dunia aliyejulikana kwa kunywa pombe kupita kiasi, alinyang'anywa ubingwa na Max Euwe, mwalimu wa hesabu wa Uholanzi aliyependa mazoezi ya viungo. Si haki kusema kwamba ni pombe tu iliyomwangusha, maana Euwe alicheza vizuri. Hata hivyo, Alekhine alijirudi, akajizuia na pombe, na mwaka 1937 akautwaa tena ubingwa kwa pointi 15 na nusu kwa 9 na nusu.

Mikhail Botvinnik wa Urusi ya Kisovieti, ambaye kwa kazi yake alikuwa mhandisi wa umeme, aliufanya utunzaji wa mwili kuwa sehemu ya maandalizi. Alifanya mazoezi ya viungo, alitembea kwa miguu, na kabla ya mashindano alikwenda nje ya mji kukaa penye hewa safi. Kwa kuwa hakuvuta sigara, na wapinzani wake walivuta, alicheza michezo ya mazoezi na rafiki aliyempulizia moshi kwa makusudi, ili azoee. Mwaka 1960 alishindwa na kijana Mikhail Tal. Mwaka uliofuata wakarudiana. Botvinnik alikuwa na umri wa miaka 49 na Tal miaka 24, lakini mzee ndiye aliyeshinda, kwa pointi 13 kwa 8. Tal alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya figo, naye hakuwa mtu wa kujinyima sigara wala pombe.

Lakini hakuna mfano ulio mkubwa kama ule wa Moscow. Tarehe 10 Septemba, 1984, Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza shindano ambalo mshindi angekuwa yule atakayetangulia kushinda michezo sita, bila suluhu kuhesabiwa. Mwishoni mwa Novemba Karpov alikuwa ameshinda mitano, na Kasparov hata mmoja. Ulibaki mmoja tu, nao haukupatikana. Siku zikapita, suluhu zikafuatana, na Karpov akakonda machoni pa watu. Ilitajwa kwamba alipungua kilo kama 10. Tarehe 15 Februari, 1985, baada ya michezo 48, shindano lilisimamishwa Karpov akiwa na michezo mitano na Kasparov mitatu. Walipokutana upya mwaka huo huo, safari hii kwa michezo 24 tu, Kasparov alishinda akawa bingwa.

JE, KUFIKIRI KUNAKONDESHA?

Imeenea habari kwamba mchezaji wa sataranji hutumia kalori 6,000 kwa siku kwa kufikiri tu. Msomaji asiipokee habari hiyo kama ilivyo. Ni kweli kwamba ubongo, ulio kama sehemu 2 kwa mia za uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu 20 kwa mia za nguvu za mwili uliopumzika. Lakini ubongo hutumia nguvu hizo hata mtu akiwa amelala, na kufikiri sana huongeza kidogo tu.

Kinachomkondesha mchezaji ni mambo mengine: wasiwasi unaoupigisha moyo mbio, kukosa hamu ya kula, kusahau kunywa maji, na usingizi wa kukatika-katika. Kwa hiyo dawa yake si kulundika chakula katika sahani. Dawa ni kula sawasawa na kwa wakati.

UJI WA KATWE

Jambo hili lilionekana wazi katika Katwe, mtaa wa watu maskini mjini Kampala, Uganda. Huko mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji, na waliofika kujifunza walipewa uji. Phiona Mutesi, msichana mdogo ambaye kwao chakula kilikuwa cha kubahatisha, alimfuata kaka yake mahali hapo kwa sababu ya uji huo. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha kimataifa. Kisa chake kiliandikwa kitabu na kutengenezwa filamu. Watu wengi husifu akili yake, na ni haki yake kusifiwa. Lakini mzazi asiusahau uji. Mtoto mwenye njaa hukaa mbele ya ubao huku mawazo yake yako jikoni.

CHAKULA KINACHOFAA

Mchezaji wa sataranji hahitaji chakula cha kigeni wala vidonge vya dukani. Anahitaji yale makundi matatu tunayoyajua: vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, viazi vitamu, mihogo na ndizi za kupika, vya kujenga mwili, kama maharage, kunde, karanga, dagaa, mayai na maziwa, na vya kulinda mwili, kama mchicha, kisamvu, mapapai na machungwa.

Wasichana waangaliwe zaidi kuhusu upungufu wa damu, kwa kuwa huleta uchovu na kupunguza uangalifu. Maharage, dagaa na mboga za majani huongeza madini ya chuma. Kula chungwa pamoja na chakula husaidia mwili kuyapokea madini hayo, bali chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Ni vema chai isubiri kiasi cha saa moja baada ya kula.

Siku ya mashindano, utaratibu huu wafaa:

Asubuhi: uji wa ulezi wenye maziwa au karanga za kusaga, pamoja na yai au kiazi kitamu.

Saa mbili au tatu kabla ya mchezo: chakula kamili cha kiasi, kwa mfano wali au ugali mdogo, maharage au samaki, na mboga. Vyakula vyenye mafuta mengi viachwe, kwani hukaa tumboni na kuleta usingizi. Wala asijaribu siku hiyo chakula ambacho hajakizoea.

Wakati wa mchezo: maji, ndizi mbivu moja, na karanga chache. Soda na peremende humchangamsha mtu upesi, kisha huweza kumwacha mlegevu wakati anapohitaji nguvu. Carlsen mwenyewe aliwahi kuacha maji ya machungwa aliyozoea kunywa mchezoni, akatumia maziwa.

Baada ya mchezo: ale hata kama ameshindwa na hana hamu. Kesho kuna mchezo mwingine.

Kabla ya kuingia na chakula ukumbini, mwamuzi aulizwe. Huko Baguio, Ufilipino, mwaka 1978, Karpov alipelekewa kikombe cha mtindi katikati ya mchezo wake na Viktor Korchnoi. Upande wa Korchnoi ukalalamika kwamba mtindi huo ungeweza kuwa ishara ya siri, na ikabidi uwekwe utaratibu wa kupeleka chakula mezani.

MAZOEZI NA USINGIZI

Bobby Fischer wa Marekani, kabla ya kumshinda Boris Spassky mjini Reykjavik mwaka 1972, aliogelea na kucheza tenisi. Carlsen hupenda mpira wa miguu. Asiye na bwawa wala uwanja anayo njia. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano katika wiki, kunatimiza kiasi hicho cha chini. Kuruka kamba, kulima bustani na kupanda mlima kunafaa vilevile.

Kwa kuwa mchezaji huinama kwa saa nyingi, kila siku azungushe mabega, ageuze shingo polepole kulia na kushoto, na ajinyooshe mgongo. Mchezoni, mpinzani wake anapofikiri, na kama sheria zinaruhusu, asimame atembee kidogo.

Usingizi usichezewe. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, na kijana wa miaka 14 saa 8 hadi 10. Siku hizi vijana wengi hucheza michezo ya haraka kwa simu hata usiku wa manane, wakidhani wanajifunza. Kahawa ya jioni nayo hudumu. Baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kichangamsho chake bado imo mwilini. Pombe humlaza mtu, lakini humharibia usingizi wenyewe.

Wenye umri mkubwa wana jambo moja zaidi. Siku ya mwisho ya Olimpiadi ya Tromsø, Norway, mwaka 2014, mchezaji wa Shelisheli mwenye umri wa miaka 67 alianguka mchezoni, akafariki. Hatuwezi kusema kwamba mchezo ndio uliomwua. Lakini moyo hupiga mbio mbele ya ubao, na mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa kisukari yampasa amwone daktari kabla ya mashindano, asiache dawa zake, wala asiruke chakula.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Bakuli la uji, sahani ya maharage na mchicha, mwendo wa nusu saa na taa kuzimwa mapema vinapatikana katika nyumba nyingi, iwapo watu wa nyumbani wataamini kwamba mchezaji wa sataranji naye ni mwanamichezo. Mzazi asimsubiri mwanawe arudi na kikombe ndipo amwandalie chakula. Amwandalie sasa, maana ile saa ya tano haimsubiri mtu.