Mifupa ya Wazee Wetu na Vidonge vya Chupani

Katika Surat Maryam twasoma habari za Nabii Zakariya, alayhis-salaam, alipomnyenyekea Mola wake kwa siri akitaka mrithi. Alipoueleza uzee wake alitanguliza udhaifu wa mifupa, kisha ndipo akataja mvi. Wazee wetu wangalimfahamu mara moja. Mvi haziumi, lakini nyonga iliyovunjika humlaza mtu kitandani, na katika nchi zinazoweka hesabu za maradhi haya imeonekana kuwa, kwa kila wazee watano waliovunjika nyonga, kiasi cha mmoja haumalizi mwaka.

Si ajabu, basi, kuwaona watoto walioko ng'ambo wakileta chupa za kalsiamu na vitamini D kila wajapo kututembelea, na mama akazipanga kabatini pamoja na mafuta ya habasoda. Nia ni njema. Swali ni hili: vidonge hivyo humfaa nani?

Mfupa, msomaji mpenzi, ni kitu kilicho hai. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga tena, kama nyumba ya mawe inayotiwa lipu upya kila inapobanduka. Mpaka kiasi cha miaka 30 ujenzi huushinda ubomozi. Baadaye mizani hugeuka, na kwa wanawake hugeuka kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya kukatikiwa na hedhi. Kwa nje mfupa hubaki na umbo lake. Ndani huwa na vitundu. Haumi wala haumwambii mwenyewe neno, hata siku atakapojikwaa. Kalsiamu ndiyo chokaa inayoujenga, na vitamini D ndiyo ifunguayo mlango wa matumbo ili chokaa hiyo ipite kuingia damuni.

Mwaka 1992 matabibu wa Ufaransa walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanawake 3,270, wakongwe waliokaa katika nyumba za kutunzia wazee. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 1,200 za kalsiamu pamoja na uniti 800 za vitamini D. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 18, miongoni mwa walioendelea mpaka mwisho, kuvunjika nyonga kulipungua kwa asilimia 43 kwa wale waliopewa dawa. Hilo si jambo dogo.

Lakini mwaka 2006 ikaja habari nyingine kutoka Marekani, na hii ilikuwa ya wanawake 36,282 wa umri wa miaka 50 hadi 79, waliofuatwa kwa kiasi cha miaka 7. Nyonga zao zilipata unene kidogo, walakini kuvunjika hakukupungua kwa kadiri ya kutegemewa, na waliopata mawe ya figo wakazidi kwa asilimia 17. Mwaka 2022 Wamarekani wakatangaza jaribio jingine, la watu 25,871, wanaume na wanawake, waliopewa vitamini D peke yake au kidonge kitupu. Haikuonekana tofauti yoyote katika kuvunjika mifupa.

Mtu asiseme kuwa matabibu wanapingana. Wale vikongwe wa Ufaransa walikuwa wakikaa ndani, chakula chao kimepungua chokaa na damu yao imepungua vitamini. Dawa ilijaza pengo. Wamarekani wengi waliingia katika majaribio yale hali wameshiba vitu hivyo, na mtungi uliojaa ukiutia maji humwagika tu. Tena kuzidisha kwaweza kudhuru. Huko Australia wanawake zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na zaidi walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, nusu yao wakimezeshwa uniti 500,000 za vitamini D kwa mara moja kila mwaka. Hao walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Anayemtakia mama yake kipimo kikubwa cha mara moja ili kumwondolea udhia wa kila siku na alikumbuke jambo hilo.

Sasa tuulize: bibi yetu yu kundi gani? Nachelea kuwa yu karibu zaidi na wale wa Ufaransa, ijapokuwa anaishi chini ya jua la Ikweta. Katika nchi za Ghuba, ambako jua halikosi, upungufu wa vitamini D umeonekana kuwa mwingi mno, kwani watu huukimbia joto ndani ya nyumba, na watokapo husitirika kwa nguo. Ngozi nyeusi huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi, na ngozi ya mzee hutengeneza vitamini hiyo kidogo kuliko ya kijana. Wala kukaa nyuma ya dirisha la kioo hakufai kitu, maana kioo huuzuia ule mwali wenye kazi.

Nyumba za kale za Lamu na Unguja zilikuwa na ua ndani, mwanamke akiota jua bila ya kuonekana na ajinabi. Tumehamia ghorofani na ua tumeuacha nyuma. Lakini dari haikosi, wala kibaraza cha uani. Mzee akae hapo mara kadhaa kwa juma, uso, mikono na miguu vikiwa wazi, wakati ambao kivuli chake ni kifupi kuliko kimo chake, ila asingoje hata ngozi ikaungua.

Ama chakula, glasi moja ya maziwa ina kiasi cha miligramu 300 za kalsiamu, na mwanamke aliyepita miaka 50 huambiwa atimize 1,200 kwa siku. Mtindi ni kama maziwa, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao ni hazina tunayoidharau kwa kuwa ni rahisi. Mchicha una chokaa, lakini una asidi inayoifunga isinyonywe vyema. Mwenye kupata hivi kila siku pengo lake ni dogo, na kidonge kidogo chamtosha. Asiyepata, au asiyetoka nje, apimwe, naye daktari amwambie kadiri yake, hasa akiwa amewahi kupata mawe ya figo.

Kalsiamu ya kaboneti humezwa pamoja na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja, na iachane saa 4 na dawa ya tezi. Katika Ramadhani yaweza kugawanywa baina ya futari na daku. Waliokwisha kuandikiwa alendroneti ya kila juma huimeza kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha hukaa wima nusu saa bila kula. Basi na waamke nusu saa kabla ya daku. Na anayenunua vidonge vya ganda laini asome maandishi ya chupa, kwani jelatini huweza kutoka kwa nguruwe. Vidonge vikavu visivyo na jelatini vyaondoa shaka. Vitamini D3 yenyewe aghalabu hutengenezwa kwa mafuta ya sufi ya kondoo.

Yabaki sakafu. Nyonga nyingi huvunjika nyumbani, kwa kuanguka kwa kimo cha mtu tu. Bibi huamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, taa imezimwa, sakafu ina maji, leso yaburura na mtalawanda wateleza. Nunua kandambili za mpira zenye kushika, acha taa ikiwaka usiku kucha kutoka kitandani mpaka chooni, kunja pindo la mkeka lililoinuka, na mwite fundi atie chuma cha kushikia ukutani, karibu na pipa la maji.