Je, Wajua? Vita vya Minara, Ambamo Mpangaji Ndiye Mpiganaji

Je, wajua kuwa kuna vita vya kwenye simu ambavyo mchezaji mwenyewe halengi wala hafyatui chochote? Adui wanaingia upande mmoja wa ramani, wanafuata njia, na kila anayefanikiwa kutokeza upande wa pili anakupunguzia roho. Wewe unaweka minara kandokando ya njia hiyo, na minara ndiyo inayopiga bila kukusubiri. Adui akifa unapata fedha. Kwa fedha hiyo unaongeza mnara mwingine au unauboresha uliopo, kisha linakuja wimbi jingine, zito kuliko lililopita. Hizo ndizo gemu za minara, na mtoto wa miaka 7 anazielewa kwa dakika mbili. Kinachobaki baada ya hapo ni hesabu ya wapi, lini na kwa bei gani, na hesabu hiyo huwatoa jasho hata watu wazima.

Wapo wanaoziona kuwa ni za kupotezea muda tu. Sikubaliani nao. Kati ya gemu zote za simu, hizi ni miongoni mwa chache zinazomlipa anayefikiri kuliko mwenye vidole vyepesi, na anayetaka ushahidi aiangalie Bloons TD 6.

Gemu hiyo inatengenezwa na Ninja Kiwi, kampuni iliyoanzishwa Auckland, New Zealand, mwaka 2006 na ndugu wawili, Chris na Stephen Harris. Bloons ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na tumbili mmoja anayerusha vishale kutoboa maputo. Mwaka huohuo tumbili akageuzwa kuwa mnara, na maputo yakawa jeshi. Toleo la 6 lilitoka Juni 2018, na hadi leo linaongezewa ramani na silaha mpya.

Je, wajua puto moja linaweza kubeba mapigo mangapi? Jekundu ndilo dhaifu kuliko yote: kishale kimoja, limekwisha. La bluu lina jekundu ndani yake, la kijani lina la bluu, la njano lina la kijani, na la waridi lina la njano. Kwa hiyo la waridi linataka mapigo 5 ndipo liishe kabisa. Sasa mambo yanaanza kukolea. Puto jeusi limebeba mawili ya waridi, yaani 1 ya ganda lake na 10 ya yaliyomo, jumla 11. Jeupe nalo ni 11. Lenye mistari ya pundamilia limebeba jeusi moja na jeupe moja: 23. La rangi za upinde wa mvua limebeba mawili ya pundamilia: 47. La kauri lina ganda la mapigo 10, na ndani yake mna mawili ya upinde wa mvua: 104. Kisha inakuja MOAB, chombo kikubwa cha angani chenye ganda la mapigo 200 na kauri 4 tumboni: 616. BFB ina ganda la 700 na MOAB 4: 3,164. Na ZOMG, ambayo hutokea kwa mara ya kwanza raundi ya 80, ina ganda la 4,000 na BFB 4 ndani yake. Jumla ni 16,656.

Mgeni anaona chombo kimoja kinachojikokota. Anayeijua gemu anaona mapigo 16,656, tena ya aina mbili tofauti, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa bila kujua sababu. Ganda kubwa linataka silaha yenye pigo zito mahali pamoja. Yaliyomo yanataka silaha inayotapanya mapigo kwa wengi kwa wakati mmoja. Ukinunua silaha nzito peke yake, utalipasua ganda vizuri kabisa, halafu mamia ya maputo madogo yatamwagika na kuupita mzinga wako ukiwa bado unajipanga kwa pigo la pili. Na kila kinachopita kinakutoza kadiri ya kilichobeba: kwa kiwango cha kati cha ugumu unaanza na roho 150, na puto moja la kauri likipenya likiwa zima linaondoka na roho 104.

Isitoshe, baadhi ya maputo yana silaha yasiyoiogopa. Jeusi halidhuriwi na milipuko, jeupe haligandi kwa barafu, na la pundamilia limerithi kinga zote mbili. La risasi, ile metali nzito, halitoboki kwa kishale. La zambarau haliungui kwa moto wala kwa silaha za nguvu za ajabu. Mengine yana madoadoa ya sare za kijeshi, na tumbili wa kawaida hayaoni kabisa: puto linapita mbele ya pua yake naye ametulia, kishale mkononi. Kabla ya kuboreshwa, hakuna tumbili mmoja anayeweza yote. Lazima uunde kikosi.

Fedha nayo ni vita yake. Unaanza na 650, na kwa kiwango hichohicho cha kati tumbili wa vishale anauzwa 200, hivyo unapata watatu na chenji ya 50. Ukijuta na kumuuza mmoja, unarudishiwa asilimia 70 tu ya ulichotumia. Lipo pia shamba la ndizi, ambalo halipigi mtu. Bei yake ni 1,250, na kabla ya kuliboresha linakuingizia 80 kwa raundi. Gawanya mwenyewe: zinapita raundi 16 ndipo lirudishe mtaji. Mwenye pupa analinunua mapema na kuvamiwa akiwa hana walinzi. Mwoga hanunui kabisa, na inapofika raundi ya 60 hana uwezo wa kununua kinachohitajika. Kupata raundi sahihi ya kuweka shamba la kwanza kunanivutia kuliko milipuko yote ya gemu hii.

Kila tumbili ana njia 3 za kuboreshwa, kila njia ina ngazi 5, lakini huruhusiwi kuzichukua zote. Njia moja unaweza kuifikisha ngazi ya 5, ya pili inaishia ngazi ya 2, na ya tatu inafungwa. Kwa hiyo kuchagua kitu kimoja ni kukiacha kingine, na huwezi kurudi nyuma ila kwa kuuza kwa hasara.

Je, wajua kwa nini wachezaji wazoefu hugombania kona? Karibu kila mnara una duara la mahali unapoweza kufikia. Njia iliyonyooka ikipita katikati ya duara hilo, adui anapigwa kwa urefu wa kipenyo kimoja tu, basi. Lakini njia ikiingia, ikajikunja na kurudi humohumo, adui yuleyule anapigwa akienda na akirudi, na mnara mmoja unafanya karibu kazi ya miwili kwa bei ileile. Gundi inayopunguza mwendo nayo ina siri hiyo. Adui akitembea kwa nusu ya kasi yake, anakaa ndani ya duara mara mbili zaidi, na kila mnara uliopo hapo umeongezewa mapigo maradufu bila kuguswa. Ndiyo maana gundi, ambayo yenyewe haitoboi puto lolote kabla ya kuboreshwa, huokoa ramani nzima.

Asili ya gemu hizi ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Wengi wanaitaja Rampart ya Atari Games, iliyotoka 1990 katika mashine za kuchezea kwa sarafu. Mchezaji alizungushia ngome ukuta, akaweka mizinga, akapigana na meli, kisha akapewa sekunde chache za kuziba matobo kabla ya shambulio jingine. Kupanga kwanza, kupigana baadaye: mbegu ilikuwa imeshapandwa.

Mmea, hata hivyo, uliota kwa wachezaji wenyewe. Kampuni ya Blizzard ilipouza gemu ya StarCraft mwaka 1998 na Warcraft III mwaka 2002, iliweka humohumo chombo cha kutengenezea ramani. Watu waliokuwa wakicheza usiku baada ya kazi au masomo wakaanza kubuni ramani zisizo na vita vya kawaida, bali minara na mawimbi ya adui, na wakagawiana bure. Katika jiko hilohilo ndimo ilimopikwa DotA, mama wa gemu zinazojaza viwanja vya mashindano leo.

Kisha ukaja mwaka 2007. Januari, David Scott alitoa Flash Element Tower Defense ya kuchezwa ndani ya kivinjari cha intaneti. Machi, Mwingereza Paul Preece akatoa Desktop Tower Defense, ambayo uwanja wake ni meza ya ofisi. Agosti wakafuata tumbili wa Auckland. Wala haikuwa kazi ya makampuni yenye maelfu ya wafanyakazi. Scott na Preece wakaungana na kufungua kampuni mwaka huohuo.

Gemu ya Preece inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana haina njia. Adui wanaweza kukatiza meza popote, na minara yako ndiyo inayogeuka kuta. Ukiipanga vizuri unajenga mzingile unaomlazimisha adui kuzunguka huku na huko chini ya mapigo, ilhali mlango wa kutokea uko mbele yake tu. Kuziba kabisa huwezi. Gemu inakataa mnara wa kufunga njia ya mwisho. Wajanja wakagundua hila: adui wakikaribia kutoka, unauza mnara mmoja nyuma yao na kufunga upenyo wa mbele. Ghafla njia fupi iko kule walikotoka, kundi zima linageuka na kurudi kupigwa upya. Wakifika kule, unafunga kule na kufungua huku.

Je, wajua adui hao wanaijuaje njia fupi? Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956. Mwenyewe alisimulia kuwa ilimjia kwa takriban dakika 20, akiwa na mchumba wake kwenye mkahawa mjini Amsterdam, akinywa kahawa, bila kalamu wala karatasi. Akaichapisha 1959. Mwaka 1968 watafiti watatu wa California, Hart, Nilsson na Raphael, wakaiongezea kasi walipokuwa wakishughulika na Shakey, roboti iliyohitaji kutembea vyumbani bila kugonga vitu. Hesabu za ukoo huo ndizo zinazotumika sana katika gemu kila kiumbe anapotakiwa kutafuta njia.

Mwaka 2009 PopCap ilitoa Plants vs. Zombies, na hapo minara ikawa mimea. Uwanja wa kawaida ni bustani ya mistari 5 yenye vyumba 9 kila mmoja. Mazombi wanatoka kulia wakielekea nyumbani kwako, na kila mmea unalinda mstari wake. Fedha ni mwanga wa jua, unaozalishwa na alizeti. Mbunifu wake, George Fan, alieleza kwamba hapo awali alizeti iligharimu 100 sawasawa na mmea unaotema njegere, na waliojaribu gemu hawakuipanda ya kutosha, hivyo wakazidiwa baadaye. Badala ya kuandika maelezo marefu, alishusha bei hadi 50. Watu wakaanza kupanda alizeti kwanza bila kuambiwa. Kwenye hatua ya kwanza kabisa kuna mstari mmoja tu wa nyasi, zinazofuata zina mitatu, ndipo inafunguka mitano. Anayeanza anafundishwa bila kujiona yuko darasani. Kwangu mimi hakuna gemu ya minara inayofundisha kwa upole namna hiyo.

Waliofuata waliongeza vionjo vyao. Ironhide ya Montevideo, Uruguay, ilitoa Kingdom Rush mwaka 2011 ikiwa na minara ya aina 4: wapiga mishale, wachawi, mizinga, na kambi ya askari. Hiyo kambi ndiyo ufunguo. Askari wake wanashuka njiani na kumkaba adui kwa mikono, naye akisimama kupigana nao, mizinga inapata mtu asiyesogea. Wenye deraya nzito hupelekewa wachawi, wenye kinga ya uchawi hupelekewa mishale. Mwaka huohuo 11 bit studios ya Warsaw, Poland, ikageuza kibao katika Anomaly: Warzone Earth: safari hii mchezaji ndiye anayeuongoza msafara, na minara ni ya adui.

Nyingi za gemu hizo zilizaliwa katika Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Maelfu ya gemu za kivinjari zingezikwa siku hiyo. Ninja Kiwi ilikusanya gemu zake za zamani na kuzitoa bure zichezwe kwenye kompyuta, na jambo hilo linastahili pongezi, kwa sababu kazi za watu waliobuni usiku baada ya ajira zao ni historia kama nyingine.

Ukitaka kuanza leo na tumbili wa Bloons TD 6, chagua ramani ya Monkey Meadow, weka wa kwanza mahali njia inapojikunja, na usimalize fedha zote kwenye raundi za mwanzo. Puto la kwanza lenye madoadoa ya kijeshi huja raundi ya 24, na la kwanza la risasi huja raundi ya 28. Kabla ya ya 24 uwe na tumbili anayeona yaliyojificha, na kabla ya ya 28 uwe na mzinga wa mabomu.