Watoto wa Kartye ya Maskini na Egzamen Ngumu

Kama uko na mutoto kwenye sekonderi, labda umekwisha kusikia maneno haya kwenye biro ya prefe, ao wewe mwenyewe umeyasema: «Mutoto wa kule? Afuate komersiali tu, mati-fiziki haimufai.» Hakuna mutu aliyepima akili ya mutoto yule. Waliangalia kambi anakotoka, kazi ya baba yake, viatu vyake, na Kifaransa chake.

Leo ninataka kukupeleka mbali, kule Marekani, katika muji wa Los Angeles, kwenye shule moja ya serikali inayoitwa Garfield. Usiseme: Marekani ni inchi ya watajiri, mambo yao hayatuhusu. Ngojea kwanza.

Garfield iko upande wa mashariki wa muji. Ilifunguliwa mwaka 1925. Katika miaka ya 1970 na 1980, zaidi ya wanafunzi 9 kwa 10 walikuwa watoto wa jamaa zenye kutoka Mexico na inchi zingine za Kispania. Wazazi wengi walikuwa watu wa kazi za mikono, na wengi hawakumaliza masomo. Wanafunzi wengi walikuwa wanapata chakula cha saa sita kwa musaada wa serikali, maana nyumbani feza hazikutosha. Nyumbani Kispania, kwenye kalasi Kiingereza. Weye unayeongea Kiswahili na watoto wako jikoni, halafu wanakuta Kifaransa kwenye tablo, unajua vizuri ugumu huo ni nini. Tena kulikuwa vikundi vya vijana wenye kupigana. Mwaka 1975 Garfield ilikaribia hata kupoteza kibali chake cha kuhesabiwa kama shule ya kweli.

Mambo ya namna hii watu wakubwa walikuwa wamekwisha kuyachunguza. Mwaka 1966 mutu mwenye elimu, jina lake James Coleman, alitolea serikali ya Marekani ripoti kubwa juu ya wanafunzi karibu 600,000. Alikuta kwamba hali ya jamaa inaonekana sana katika pointi za mutoto, kupita hata majengo na vitabu vya shule. Waalimu wengi walishika neno hilo moja wakalala nalo: mutoto wa maskini ataanguka, sisi tufanye nini? Lakini ripoti ileile ilisema vilevile kwamba mutoto mwenye kuamini kuwa maisha yake yanategemea bidii yake anapata pointi mingi kuliko yule mwenye kuona kila kitu ni bahati. Neno hilo la pili halikupata wasikilizaji wengi.

Sasa sikia habari ya mwalimu Jaime Escalante. Alizaliwa mwaka 1930 kule La Paz, katika inchi ya Bolivia, inchi ya migodi kama yetu, isipokuwa wao wanachimba bati na feza. Baba na mama yake wote wawili walikuwa waalimu. Yeye mwenyewe alifundisha fizika na hesabu huko kwao. Mwaka 1963 akaenda Marekani, na diplome yake haikuhesabiwa kuwa kitu. Mwalimu mwenye miaka mingi ya kazi akapangusa chini katika restora! Akajifunza Kiingereza, akaanza tena masomo ya chuo usiku, akapata kazi nzuri katika kampani ya elektroniki. Mwaka 1974 akaiacha kazi ile, akaingia Garfield kufundisha, kwa mushahara wa chini. Watu wa nyumbani walisema nini siku ile, ninakuachia ufikiri.

Escalante alitaka watoto wale wafanye hesabu ya kalkulusi, ile wanafunzi wetu wa mati-fiziki wanaita derive na integrali. Kule kuna egzamen ya inchi nzima inayoitwa Advanced Placement, inayofanywa mwezi wa 5. Wanahesabu pointi toka 1 mpaka 5, na mwenye kupata 3 amepita. Vyuo vikuu vingi vinamuhesabia kama amekwisha kusoma somo lile. Ni egzamen ambayo watoto wa shule za watajiri walizoea kuifanya.

Alianza kalasi yake mwaka 1978. Wanafunzi 14 waliingia. Wakati wa egzamen, mwaka 1979, walibakia 5, wakapita 2. Wawili tu! Wewe ungefanya nini? Yeye aliendelea. Mwaka 1981 walifanya 15, wakapita 14. Mwaka 1982 walifanya 18, wakapita wote.

Njo hapo shida ilianza. Shirika lenye kusahihisha egzamen, lililo mbali kule Princeton, liliona kwamba majibu ya wanafunzi 14 yanafanana sana, hata makosa yao. Likawaandikia: mufanye egzamen tena, ao pointi zenu zitafutwa. Shirika lilisema liliangalia majibu tu. Lakini kule Garfield watu walijiuliza: kama majina haya yangekuwa ya watoto wa kartye ya watajiri, barua ingetumwa? Fikiri uchungu wa mutoto wa miaka 17 aliyekesha mwaka muzima juu ya hesabu, halafu anaitwa mwizi.

Lazima niseme ukweli wote, kusudi usidanganyike. Mwandishi wa magazeti Jay Mathews, aliyechunguza habari hii kwa miaka, aliandika kwamba katika ulizo moja la egzamen ya kwanza inaonekana wamoja walinakili jibu. Lakini mwisho wa mwezi wa 8 wanafunzi 12 kati ya wale 14 wakakaa tena mbele ya egzamen, ingine mupya kabisa, chini ya macho ya wasimamizi. Walikuwa na siku chache tu za kurudilia. Wote 12 wakapita.

Mwaka 1988 watu walifanya filme juu ya habari hii, Stand and Deliver. Filme ile ni nzuri, lakini ilileta uongo mumoja ambao umeumiza waalimu wengi. Inaonyesha watoto wasiojua hata fraksio wanafika kwenye kalkulusi kwa mwaka mumoja. Haiko namna ile. Escalante mwenyewe alikataa jambo hilo. Ilimuchukua miaka kujenga njia: aljebra ya nguvu kwanza, kisha jeometria, kisha zingine, na waalimu wenzake kama Benjamin Jiménez kwenye kila ngazi. Kulikuwa masomo ya wakati wa likizo katika chuo kilicho karibu, na siku ya posho, na asubuhi mbele ya kengele, na jioni kisha kengele. Mutoto na muzazi walitia sahihi kwenye karatasi ya mapatano. Aliyekosa kuja, mwalimu aliita baba yake. Mukubwa wa shule, Henry Gradillas, alimufungulia mulango; alipunguza kalasi za hesabu nyepesi, zile za kupitisha wakati tu, akaongeza za aljebra.

Neno alilolipenda Escalante ni la Kispania: ganas. Maana yake hamu, ile nia inayokutoa kwenye kitanda. Alisema mwanafunzi alete hiyo tu, mengine atamufundisha.

Mwaka 1987 wanafunzi 73 wa Garfield walipita egzamen ya kalkulusi ya kwanza, na 12 wakapita ile ya pili, iliyo ngumu zaidi. Kati ya watoto wote wa uzao wa Mexico waliopita egzamen ile Marekani nzima mwaka ule, karibu robo walitoka kwenye shule hii moja. Na kartye ilikuwa ileile, wazazi walewale, umaskini uleule.

Kisha je? Mwaka ule wa 1987 Gradillas aliondoka kwenye kiti chake. Kalasi za Escalante zilipita wanafunzi 50, na sindika ya waalimu ikalalamika, maana mapatano yao yalikataza kupita 35. (Mwalimu wetu anayesoma hapa na ana watoto 70 mbele yake, anacheka.) Kulikuwa wivu pia, sababu sifa zote zilikwenda kwa mutu mumoja. Mwaka 1990 wakamuondoa kwenye ukubwa wa waalimu wa hesabu, na mwaka 1991 akahama, akaenda kufundisha Sacramento. Mwaka 1996 waliopita kalkulusi ya kwanza kule Garfield walikuwa 7, na ya pili 4.

Tazama namba hizo mbili: 73, halafu 7. Ninyi wenye kusema juu ya damu ya watoto na kartye yao, mutuelezee: damu ilibadilika katika miaka tisa? Na sisi wazazi wa komite, tunaopenda kumusifu mwalimu mumoja wa ajabu na kumuachia muzigo peke yake, tuangalie namba zilezile pia.

Escalante alikufa tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka 2010. Kansa ilikuwa imemaliza nguvu zake, na matunzo yalikuwa yamemaliza feza zake. Wanafunzi wake wa zamani, pamoja na Edward James Olmos, yule aliyecheza nafasi yake katika filme, walikuwa wamesikia habari hiyo mbele ya kifo chake. Wakachanga feza, wakamulipia.