Gari Ikichemka, Usikimbilie Kufungua Injini



Katika vijiji vingi kuna gari moja kuukuu ambayo kwa jina ni ya familia fulani, lakini kwa kazi ni ya kijiji kizima. Asubuhi inapeleka maziwa, siku ya soko inabeba mboga, na usiku inapeleka wagonjwa. Gari kama hiyo ikianza kuchemka, wanaoumia ni wengi.

Kikundi kimoja ninachokijua kilitegemea Peugeot 504 ya mwanachama wao. Ilianza kuchemka kila ikipanda mlima. Fundi akasema gasketi ya hedi imeungua, lazima injini ifunguliwe. Wanachama wakatoa pesa walizokuwa wameweka za kununua ng'ombe wa maziwa. Gari ikarudi na gasketi mpya, na wiki ya pili ikachemka tena kwenye mlima ule ule. Usiku huo nilikuwa ndani, na kiti cha nyuma alikaa mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima tukingoja injini ipoe. Tunashukuru alifika salama.

Baadaye fundi mwingine, mzee, aliipapasa rejeta kwa mkono. Juu ilikuwa moto, katikati na chini baridi. Ilikuwa imeziba kwa tope, kwa sababu tulizoea kuijaza maji ya bwawa. Kuisafisha hakukumaliza hata siku moja.

Kosa halikuwa la yule fundi wa kwanza peke yake. Sisi sote hatukumwuliza swali moja: umejuaje kuwa ni gasketi?

JOTO LINATOKAJE KWENYE INJINI?

Pampu husukuma maji yazunguke ndani ya injini na kubeba joto. Maji hayo hupita kwenye rejeta, na upepo wa feni huyapoza. Katikati kuna mlango mdogo uitwao thamostati, ambao hufunga injini ikiwa baridi na kufungua ikipata joto.

Kifuniko cha rejeta nacho si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema. Huko pwani maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100, lakini mahali pa juu kama Nakuru huchemka karibu nyuzi 94. Kwa hivyo sisi wa milimani tukiwa na kifuniko kilichochakaa mpira, tunaumia zaidi. Hicho ni kitu cha bei ndogo, kianze kuangaliwa.

INACHEMKA WAKATI GANI?

Hili ndilo swali la kumjibu fundi kabla hajashika spana.

1. Inachemka ikiwa imesimama au kwenye msongamano, lakini ikikimbia inapoa. Shuku feni. Gari ikikimbia hupata upepo wa barabarani, ikisimama inategemea feni tu. Kama feni inazungushwa na mkanda, zima injini na ubonyeze mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea. Kama feni ni ya umeme, angalia fyuzi na waya.

2. Inachemka ikipanda mlima au ikibeba mzigo. Shuku rejeta iliyoziba. Angalia nje kama imejaa nyasi, wadudu na vumbi. Kisha ipapase ikiwa na joto kiasi na injini imezimwa; sehemu zilizo baridi ndizo zilizoziba. Jihadhari, feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa. Ondoa kwanza waya wa betri.

3. Inachemka dakika chache tu baada ya kuwashwa. Kwanza angalia kama maji yapo. Kama yamejaa, na mpira wa juu wa rejeta bado ni baridi wakati injini ni moto, shuku thamostati iliyokwama.

4. Inachemka wakati wowote, na maji yanapungua kila siku. Maji hayo yanaenda mahali. Weka katoni chini ya gari usiku uone tone linaangukia wapi. Angalia mipira, viungo vyake, na chini ya pampu ya maji.

Ukikosa tone lolote nje, hapo sasa ndipo gasketi inaingia. Alama zake ni hizi: moshi mweupe mzito kwenye ekzosi hata injini ikiwa moto, mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Fundi akikuambia ni gasketi, mwambie akuonyeshe alama mojawapo.

Neno moja juu ya geji: usiiamini peke yake. Maji yakiisha kabisa, kipimo chake hubaki hewani na mshale unaweza kushuka, ati gari imepoa, kumbe injini inaungua.

KUPIMA THAMOSTATI KWA JIKO

Itolewe na fundi, uitumbukize ndani ya sufuria kuukuu yenye maji, uweke kwenye jiko. Kwenye nyingi kumeandikwa namba, kama 82 au 88, yaani nyuzi za kuanza kufungua. Maji yakikaribia kuchemka unapaswa kuiona ikianza kufunguka. Ikikaa kimya hadi maji yatokote, imekufa.

Mafundi wengine huitoa na kuitupa. Usikubali. Bila thamostati injini hukaa baridi mno, hula mafuta na kuchakaa. Tena kwenye injini nyingine maji huzunguka bila kupitia rejeta vizuri, na gari huchemka zaidi.

IKICHEMKA NJIANI

Mshale ukianza tu kupanda, punguza mwendo na ufungue hita ya ndani hadi mwisho. Abiria wataona joto, lakini hita inatoa moto kwenye injini. Ukiona mvuke, simama na uzime.

Usifungue kifuniko! Maji yaliyofungiwa presha hurukia uso na mikono kama maji ya sufuria iliyopasuka. Ngoja angalau nusu saa. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene na ukizungushe kidogo, presha itoke, ndipo ukifungue.

Usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka na bado ni moto, maana hedi inaweza kupasuka, na hapo ndipo gharama yenyewe. Ikipoa, iwashe, ongeza maji polepole, uache hewa itoke.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTENGENEZA

Tumia maji safi, hasa ya mvua, badala ya maji ya mto au ya kisima chenye chumvi. Ukiweza, changanya na kulanti, nusu kwa nusu kwa zile zisizochanganywa tayari. Inazuia kutu na maji hayachemki haraka. Lakini kulanti ya kawaida ni sumu, na ina ladha tamu. Usiiweke kwenye chupa ya soda, wala usiimwage mahali watoto au mifugo wanaweza kuionja.

Kila Jumamosi, injini ikiwa baridi, angalieni maji, oili, mkanda na mipira. Ni kazi ya dakika kumi. Muwe na daftari la gari: ilichemka lini, wapi, ikiwa na mzigo gani. Daftari hilo litamsaidia fundi, na litawalinda ninyi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Gari tunayoitegemea ilichemka lini mara ya mwisho, na ilikuwa ikifanya nini?
2. Ni nani kati yetu, akina mama na vijana pia, anajua kuangalia maji na oili?
3. Kabla ya kutoa pesa kubwa ya matengenezo, ni nani atakayemwuliza fundi, "Umejuaje?"