Bolti 200 za Land Rover: fedha inaishia wapi?

Mtu akileta Land Rover 109 gereji ya Buguruni, Dar es Salaam, ifufuliwe, mazungumzo huanza na injini, kisha rangi. Bolti hutupwa kwenye kopo zikisubiri. Mwenye gari hazihesabu, ilhali ndizo zitakazokula siku za fundi.

Chukua bolti 200 za bodi, za inchi 5/16, urefu inchi moja na nusu. Uzito wake wote ni kilo 4 hivi. Kijana akisugua kila moja kwa brashi ya waya dakika 3, ni dakika 600: saa 10. Tuseme analipwa shilingi 16,000 kwa siku ya saa 8. Hapo umetoa 20,000, na kutu ya ndani ya meno bado ipo.

Sasa linganisha na zinki. Bolti moja ina eneo la sentimita za mraba 16 hivi. Tabaka la maikroni 8, unene wa kawaida wa kuchovya kwa umeme, linahitaji gramu 0.09. Bolti zote 200 ni gramu 18, na umeme wa kuipandisha ni ampea 15 kwa saa moja. Madini yenyewe ni kama bure! Unacholipia ni usafi, maana zinki haishiki juu ya kutu wala grisi.

Basi punguza saa za mikono kwa kutoa kutu kwa umeme kabla ya kuchovya. Toa grisi kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni. Weka maji kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, tia magadi soda gramu 10 kwa kila lita, usitie chumvi. Funga bolti 50 kwenye waya uunganishe na hasi ya chaja ya volti 12. Chanya iende kwenye bati la chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu usikitumie, hutoa kromiamu yenye sumu. Vifaa vya alumini usivitie, magadi huvila. Na ndoo ikae nje, kwa sababu inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Ampea 5 kwa saa 12 ni kama uniti moja, pamoja na upotevu wa chaja. Mafungu manne ni uniti 4, yaani chini ya shilingi 1,500 kwa mteja wa kawaida wa TANESCO. Kutu hugeuka tope jeusi. Sekunde 30 za brashi kwa kila bolti ni dakika 100 tu badala ya 600.

Bolti zikishasafika, wengi huishia kupuliza rangi badala ya kuchovya zinki. Rangi huziba meno, na spana huibandua siku ileile. Tena bodi ya Land Rover ni alumini tangu 1948, wakati chuma kilipokuwa cha mgao Uingereza. Bolti tupu ikigusa alumini kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, alumini ndiyo inayoliwa ikawa unga mweupe. Zinki huzuia hilo kwa kiasi kikubwa, na bodi ni ghali kuliko bolti.

Wenye gereji, unganisheni mizigo: anayechovya huwasha tangi lilelile kwa kilo 4 au 40. Lakini bolti ngumu, zenye 10.9 au mistari 6 kichwani, msizichovye. Haidrojeni huingia ndani ya chuma hicho na kukifanya kikatike ghafla. Za breki na usukani nunueni mpya.