Uzito kwanza, rangi baadaye: Siri ya chambo cha permiti kinachofungwa Kitengela

MJI wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari Hindi, na unajulikana zaidi kwa mifugo na nyumba za kupangisha kuliko kwa samaki. Hata hivyo, wapo mafundi mjini humo ambao riziki yao hutegemea samaki wa maji ya chumvi ambaye fundi anaweza kumaliza miaka mingi kazini bila kumtia machoni.

Kazi yao ni kufunga vyambo bandia, yaani ndoana zinazoviringishwa nyuzi, manyoya na mpira hadi zifanane na mdudu, uduvi au kaa. Ufundi huu uliingia Kenya enzi za ukoloni, baada ya walowezi kuleta samaki aina ya trauti katika mito ya nyanda za juu mnamo 1905. Siku hizi vyambo vingi vinavyofungwa nchini huuzwa Ulaya na Marekani, vikiwemo vya baharini. Miongoni mwa hivyo, ni vichache vinavyompima fundi kama chambo cha permiti.

Permiti ni wa jamii moja na kolekole. Yule wa Bahari ya Atlantiki, kwa jina la kisayansi Trachinotus falcatus, hupatikana Florida, Mexico, Belize na Cuba. Ndugu zake wako Bahari Hindi: Trachinotus blochii huishi pwani ya Afrika Mashariki na Ushelisheli, naye Trachinotus africanus huvuliwa pia kusini mwa Oman. Wana macho makubwa, wana hadhari nyingi, na hupenda sana kula kaa, ambao huwasaga kwa mifupa migumu iliyo kooni.

Maji yanapojaa, permiti huingia kwenye kina kifupi na kuinamisha kichwa kutafuta chakula mchangani, huku mkia ukichomoza juu. Hapo ndipo mvuvi hurusha mshipi wake. Kaa halisi akiona hatari hapandi juu; huzama upesi na kujificha. Chambo kinachoelea katikati ya maji, hata kiwe na rangi ya kupendeza namna gani, humjulisha samaki kwamba kuna hila.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza katika kuchagua chambo hiki ni uzito. Maji yakifika chini ya goti, shanga ndogo za chuma zinatosha. Kizito zaidi hutua kwa kishindo na kumfukuza samaki. Maji yakifika kiunoni, au mkondo ukiwa mkali, huhitajika macho mazito ya risasi au ya metali nyingine. Mvuvi mwenye busara hubeba kaa wa aina moja katika uzito wa namna tatu, badala ya kaa wa aina kumi wenye uzito mmoja.

La pili ni jinsi chambo kinavyozama. Macho hayo hufungwa upande ulio mkabala na ncha ya ndoana ili chambo kigeuke majini, ncha itazame juu na isinase kwenye majani au matumbawe. Yakifungwa upande, chambo huzunguka kama pia na kuupotosha mshipi.

Rangi huja baadaye, na kanuni yake ni nyepesi: kaa hufanana na mahali anapoishi. Penye mchanga mweupe huchaguliwa rangi ya maziwa au ya kaki. Penye majani, kijani kilichofifia. Penye matumbawe, hudhurungi. Ndoana nayo ni lazima iwe nene na isiyoshika kutu haraka, kwani ile nyembamba ya trauti hunyooka au kuliwa na chumvi.

Ushahidi kwamba sura si kila kitu ulitolewa na Mmarekani Del Brown, aliyevua permiti zaidi ya 500 kwa vyambo vya namna hii. Kaa wake mashuhuri, aitwaye Merkin, ni vipande vya nyuzi za zulia vilivyofungwa kukingama ndoana, miguu ya mpira na macho mazito. Katika kisiwa cha Alphonse, Ushelisheli, waongozaji wa wavuvi walibuni kaa aitwaye Alphlexo, mwenye mwili wa wavu wa plastiki usiofyonza maji, hivyo hurushwa kwa urahisi na kuzama upesi.

Kwa fundi aliyeketi mbele ya jiliwa lake Kitengela, haya si mambo ya mbali. Vyambo huhesabiwa kwa dazani, na mnunuzi hutarajia cha kumi na mbili kizame sawasawa na cha kwanza. Macho yakilegea kwa kukosa gundi au uzi kukazwa vibaya, dazani hukataliwa na jasho la siku hupotea bure.

Kipimo chake hakihitaji bahari. Gilasi ya maji inatosha: chambo kikidondoshwa, kishuke moja kwa moja, kitue kwa tumbo na magando yabaki juu. Kisipofanya hivyo ndani ya gilasi, hakitafanya hivyo mbele ya samaki ambaye pengine mvuvi amevuka nusu ya dunia kumfuata, na ambaye kwa kawaida hatoi nafasi ya pili.